Umekisoma Mpaka Mwisho?

Leo nataka tuzungumze juu ya vitabu, na hasa juu ya swali linalotusumbua kila muhula unapoanza: ni nani wa kutuambia kwamba kitabu hiki cha watoto ni kizuri na kile hakifai?

Nauliza kwa sababu kabati letu la vitabu ni dogo na mfuko wetu ni mdogo zaidi. Tukinunua vitabu kumi na viwili, tumemaliza fungu la mwaka. Kitabu kipya cha picha chenye jalada gumu hapa Marekani si cha bei ya mchicha. Na kile cha Kiswahili kutoka Dar es Salaam au Nairobi, hata kikiwa cha bei nafuu kule, kikifika hapa nauli yake imeipita bei yake. Kwa hiyo kila kitabu tunachokichagua vibaya kinakalia nafasi ya kingine ambacho mwanao angekipenda.

Wapo kati yetu wanaosema tuwafuate wahakiki wa magazeti na majarida, kwa kuwa hao ndio kazi yao. Wapo wanaosema wahakiki hao hawatujui, tuulizane wenyewe kwa wenyewe. Mimi nimewahi kusimama pande zote mbili, na pande zote mbili nimekosea. Nianze na kosa langu kubwa.

Miaka miwili iliyopita mwanangu, wakati ule ana miaka saba, alirudi kutoka shule yake ya kila siku amechangamka kuliko kawaida. Mwalimu alikuwa amewasomea kitabu cha Mary na Rich Chamberlin kiitwacho Mama Panya's Pancakes, kilichotoka 2005, hadithi ya kijiji cha Kenya. Mwalimu alipolitaja jina tu, mwanangu akacheka peke yake darasa zima. Akaulizwa anacheka nini. Akaeleza kwamba panya ni yule mnyama mdogo mwenye mkia mrefu anayekula mahindi ghalani. Wenzake wakacheka, mwalimu akacheka, kisha akamwomba awafundishe maneno mengine ya Kiswahili. "Mama," aliniambia, mkoba bado uko mgongoni, "leo mimi ndiye nilikuwa najua."

Unadhani nilimpongeza? Mimi niliona jina tu. Nikasema, "Ina maana hawa hawakumwuliza hata mtu mmoja anayejua Kiswahili?" Nikamwambia kitabu hicho hakifai na asikisikilize tena. Usiku ule nikaandika maneno makali katika kundi la simu la wazazi: kisinunuliwe, kinatudhalilisha. Kabla sijalala wazazi wengi walikuwa wameniunga mkono. Hakuna hata mmoja aliyesema amekisoma. Mimi mwenyewe nilikuwa sijakisoma.

Jumamosi iliyofuata bibi mmoja kutoka Bukavu, anayemleta mjukuu wake darasa la wadogo, aliniita pembeni karibu na birika la chai. "Binti yangu," akaniuliza kwa upole, "kile kitabu ulikisoma mpaka mwisho?" Nikanyamaza. Akasema, "Kwetu nilikuwa na jirani tuliyemwita Panya tangu utotoni kwa sababu alikuwa mdogo kuliko wote. Alikufa akiitwa Panya, na tulimlilia sana."

Nikaenda kukiazima maktaba. Ni hadithi ya mama anayekwenda sokoni na mwanawe Adika kununua unga. Ana sarafu mbili tu. Njiani kijana anamkaribisha kila wanayekutana naye aje kula chapati za maji jioni, na kila anapokaribisha, mama anahesabu kichwani unga ule mdogo. Mwisho wageni wanakuja, na kila mmoja amekuja na kitu mkononi, chakula kikatosha. Nyuma ya kitabu kuna maelezo ya kupika chapati zenyewe. Nikafunga kitabu nikimkumbuka mama yangu Tanga, ambaye hakuna mgeni aliyepita mlangoni kwake asiambiwe karibu, na nyuma ya pazia akimnong'oneza mtu, "Ongezeni maji kwenye mchuzi."

Nikamwuliza mwanangu alipenda nini katika hadithi ile. Alisita kwanza, kwa sababu alikuwa anajua hasira yangu. Kisha akasema, "Mama yake anaogopa unga hautatosha, lakini hamgombezi mbele za watu."

Sikuwa na la kujibu. Mtoto wa miaka saba alikuwa ameona kitu ambacho mimi sikukiona, na ambacho nadhani mhakiki wa jarida naye angekipita. Bado naamini jina lile lingeulizwa kwanza kwa watu wa lugha. Lakini nilikuwa nimehukumu kitabu kizima kwa neno moja la jaladani, na zaidi ya hapo, nilikuwa nimemnyang'anya mwanangu siku yake ya kujua. Ilipita miezi kabla hajanisimulia tena jambo la Kiswahili lililotokea shuleni kwake.

Baada ya aibu ile niliamua kwenda upande wa pili. Nilisema sasa nitawafuata wenye kazi yao. Mkutubi wa maktaba ya mtaani kwetu akanionyesha wanavyofanya, na ningependa nawe ujue, maana vitabu vingi ambavyo mwanao anavikuta rafuni vimefika pale kwa njia hii.

Marekani ina majarida ya muda mrefu yanayohakiki vitabu vya watoto. Booklist, la chama cha maktaba cha Marekani, lilianza 1905. The Horn Book lilianzishwa Boston mwaka 1924 na Bertha Mahony, mwanamke aliyekuwa na duka la vitabu vya watoto tangu 1916. Virginia Kirkus alianzisha jarida lake 1933, na School Library Journal likafuata 1954. Mchapishaji huwapelekea nakala miezi kadhaa kabla kitabu hakijaingia dukani. Mhakiki anasoma, anaandika aya moja au mbili tu, mhariri anapitia, na kitabu bora zaidi hupewa nyota. Mkutubi mwenye maelfu ya vitabu vya kuchagua na muda mchache hutegemea aya zile. Kitabu kisichoandikwa popote, mara nyingi hakinunuliwi.

Usiidharau kazi hii. Mhakiki mzuri amesoma vitabu mia kwa mia, kwa hiyo akikuambia hadithi hii imekwisha kusimuliwa mara nyingi, anajua. Anatazama jinsi picha na maneno yanavyosaidiana, mahali ukurasa unapofunguliwa ili mtoto ashtuke, iwapo habari za sayansi ni sahihi. Hamjui mwandishi, wala hakupewa soda harusini kwake. Na akikosea, jina la jarida linaharibika. Mimi na wewe tukikosea katika kundi la simu, ujumbe unapanda juu na kusahaulika, lakini kitabu cha watu kimekwisha kuchafuliwa.

Hata hivyo wahakiki hukosea, tena makosa makubwa. Kwa miaka mingi mwanamke mwenye sauti kuliko wote katika vitabu vya watoto hapa alikuwa Anne Carroll Moore, mkutubi wa maktaba ya umma ya New York. Alijenga vyumba vya kusomea vya watoto, alihakiki vitabu gazetini, na neno lake liliweza kukiinua au kukizamisha kitabu. Lakini alikuwa na mapenzi yake. Alitaka hadithi za kale na za ajabu, hakupenda vitabu vya mtoto mdogo kuhusu mambo ya kila siku. Mwaka 1947 kilitoka Goodnight Moon cha Margaret Wise Brown, kitabu cha sungura mdogo anayeviaga vitu vya chumbani kabla ya kulala. Moore alikuwa amekwisha kustaafu, lakini kivuli chake kilikuwa bado pale, na maktaba ile haikukinunua hadi 1972. Miaka 25! Wakati huohuo kina mama walikuwa wanakinunua madukani na kuambiana, wakawasomea watoto wao kila usiku. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitabu kile kilijiuza chenyewe kupitia midomo ya wazazi.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi, na huu unatuhusu kwa ngozi. Mwaka 2015 kilitoka A Fine Dessert, maneno ya Emily Jenkins na picha za Sophie Blackall. Kinasimulia familia nne katika karne nne zinazotengeneza kitinda mlo kilekile cha matunda na malai. Familia ya mwaka 1810 iko katika shamba la watumwa huko Charleston. Mama mtumwa na bintiye wanachuma matunda, wanatengeneza, wanawaandalia mabwana, kisha wanajificha kabatini kulamba bakuli. Na katika baadhi ya picha binti yule anatabasamu. Wahakiki wa majarida walikisifu, na New York Times ikakiweka katika orodha yake ya vitabu vilivyochorwa vizuri zaidi mwaka huo. Ni wasomaji, wakutubi na wazazi, wengi wao Weusi, waliouliza: mtoto wangu atajifunza nini juu ya utumwa kutokana na tabasamu lile? Mjadala ulikuwa mkali. Mwisho mwandishi akaomba radhi hadharani na kutoa malipo yake kwa shirika la We Need Diverse Books.

Wahakiki wale hawakuwa wajinga wala wabaya. Waliona rangi, karatasi, utafiti wa vyombo vya jikoni vya kila karne, na yote hayo yalikuwepo. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa, usifurahi haraka ukasema basi sisi ndio tunaojua. Nikuletee kitabu cha tatu, cha Kiswahili chetu kabisa. Muriel Feelings na mumewe Tom Feelings, Wamarekani Weusi, walitoa Moja Means One mwaka 1971, kitabu cha kuhesabu hadi kumi kwa Kiswahili, na mwaka 1974 wakatoa Jambo Means Hello, kitabu cha alfabeti ya Kiswahili chenye herufi 24, bila Q wala X. Vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, tuzo kubwa ya picha za vitabu vya watoto inayotolewa Marekani tangu 1938. Cha pili kilipata pia tuzo ya Boston Globe na Horn Book.

Nilipomwonyesha mama yangu jalada hilo kwa simu ya video, aliguna. "Jambo? Nani anaamkia hivyo? Mtu huambiwa hujambo, naye akajibu sijambo. Hiyo jambo ni ya watalii." Na mama amesema kweli. Neno lenyewe maana yake ni shauri au habari. Salamu imo katika kukanusha, huna jambo, nami sina jambo. Kamati ya tuzo iliyotazama michoro haikuwa na namna ya kuliona hilo, na wewe ukimsomea mwanao kitabu hiki, mweleze.

Lakini ngoja kidogo. Fikiria mtoto Mweusi wa Marekani mwaka 1974. Dunia iliyomzunguka ilimfundisha kuionea haya Afrika. Ghafla anakuta kitabu kikubwa, kizuri, kinachomwambia kwamba huko kuna lugha yenye alfabeti, yenye salamu, yenye heshima, na picha zake zinang'aa kama mwanga wa asubuhi. Kwake neno lile la jaladani lilikuwa mlango. Mama yangu asingeweza kuliona hilo kutoka Tanga, kama ambavyo wale wa kamati wasingeweza kuona kosa la salamu kutoka Marekani. Ndiyo maana nasema ukweli wa kitabu kimoja unaweza kugawanyika vipande kama muhogo, na kila mtu ameshika chake.

Na sisi wazazi tuna kasoro zetu, tuzikiri. Tunasifu kitabu kwa sababu mwandishi ni wa kwetu, au tunamjua shemeji yake. Tunakasirika kwa ukurasa mmoja. Tunadhani mtoto wetu mmoja ni watoto wote: wangu hakikumpendeza, basi kibaya. Tunagombana kama kitabu kimeandika "runinga" au "televisheni", kama ni "ndizi za kupika" au "matoke", mzazi wa Unguja na wa Lubumbashi kila mmoja akidai Kiswahili chake ndicho chenyewe, na katikati mtoto anaona vitabu ni vita vya watu wazima. Zaidi ya yote, tunahukumu bila kusoma. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Kuna njia ya kuchanganya macho haya mawili. Mwaka 1991 wataalamu wa masomo ya Afrika nchini Marekani walianzisha tuzo ya vitabu vya watoto kuhusu Afrika, Children's Africana Book Award, na wanaovipima ni watu wanaoijua Afrika kwa masomo au kwa kuishi. Orodha yao ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini vitabu vilivyoandikwa kwa Kiswahili kule nyumbani ni habari nyingine. Tanzania ina Mradi wa Vitabu vya Watoto tangu 1991, Kenya ina wachapishaji wakubwa, na kila mwaka hadithi mpya za Kiswahili zinatoka. Majarida niliyokutajia hayavigusi, kwa kuwa yanahakiki vitabu vya soko la hapa. Kwa vitabu hivyo, mzazi mwenzangu, hakuna mhakiki mwingine mjini kwetu ila wewe na mwanao. Usipoandika wewe, hakitaandikwa. Na maktaba nyingi za umma hupokea maombi ya wasomaji ya kununua kitabu. Mkutubi wetu ameniambia wazi kwamba ombi lenye sentensi tatu za maana lina uzito kuliko ombi lenye jina la kitabu peke yake.

Basi nina pendekezo, na kamati imelikubali kwa muhula huu. Ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu chetu tumebandika bahasha yenye kadi. Ukiazima kitabu, kirudishe na kadi imejazwa. Si mtihani, na hakuna atakayesahihisha tahajia. Tunaomba mambo machache tu.

Kwanza, sema kama umekisoma mpaka mwisho. Kama hukumaliza, sema uliishia ukurasa gani. Hiyo nayo ni habari, tena habari nzuri. Pili, sema kitabu kinahusu nini kabla hujasema ulikionaje, ili mwingine aweze kuamua mwenyewe. Tatu, andika umri wa mtoto aliyekisoma au kusomewa, na mahali alipocheka, alipouliza swali, au alipoinuka akaenda zake. Nne, kama kuna neno la Kiswahili lililokosewa, liandike na useme kwenu mnasemaje, bila kumtukana mtu. Tano, kama mwandishi ni shangazi yako, tuambie. Tutakisoma tu, ila tutajua.

Nawe mtoto, usimwachie mama kalamu. Wewe ndiye kitabu kiliandikwa kwa ajili yako. Mhakiki wa jarida ni mtu mzima aliyekisoma kitabu kabla mtoto yeyote hajakishika, na mama yako ni mtu mzima aliyechoka. Ukiona mchoraji amempa bibi wa hadithi kanga iliyofungwa vibaya, andika. Ukipenda ukurasa mmoja tu katika kitabu kizima, sema ni upi. Huna haja ya kusema "kitabu hiki ni kizuri sana". Hilo halitusaidii. Tuambie ulichokiona.

Na sisi wazazi tuzisome kadi hizo pamoja na aya za wahakiki, tuziweke upande kwa upande mezani kabla ya kununua. Zikikubaliana, vema. Zikipingana, ndipo tukae tukisome kitabu wenyewe, mpaka mwisho, kisha tuseme. Penye wengi hapaharibiki neno, mradi hao wengi wamesoma.

Mama Panya's Pancakes sasa kimo katika kabati letu, rafu ya chini. Nilikinunua kwa pesa yangu, na katika kundi la wazazi niliandika kwamba nilisema bila kusoma. Kadi yake ya kwanza aliijaza mwanangu, ambaye sasa ana miaka tisa. Ameandika kwa penseli: "Nimesoma mpaka mwisho mara mbili. Ni kuhusu mama na unga kidogo. Panya ni jina la kuchekesha lakini yeye si wa kuchekesha, ana wasiwasi. Kwetu tunasema chapati za maji. Mama yangu hakukipenda, halafu akakipenda."

Chini ya kadi pamebaki nafasi ya mistari minne. Jumamosi ijayo kiazime wewe.